Kichwa cha Kusukia

Naanza na kiti, kwa sababu ndicho nilichokitambua kwanza. Mwalimu wa binti yangu alikuwa ameniita darasani baada ya masomo kuniambia, kwa Kiingereza cha upole, kwamba mtoto hatulii. Yeye alisimama. Mimi nilikaa kwenye kiti cha binti yangu, maana viti vya watu wazima havikuwapo, na kiti chenyewe kilikuwa na mguu mmoja mfupi. Kila nilipojigeuza kidogo kiligonga sakafu: ko. Mwalimu akaendelea. Hafuati maagizo. Anaanza sentensi, haimalizi. Anachungulia dirishani. Ko. Nilitaka kumwambia kwamba hata mimi simsikilizi, nasikiliza kiti, lakini nilikuwa nimelelewa kuheshimu walimu.

Binti yangu alikuwa na miaka tisa. Tulihamia Durban kutoka Nairobi, mimi na yeye, ili nisomee shahada ya uzamivu katika elimu. Baba yake alibaki na kazi yake na kutupigia simu kila Jumapili. Tulipanga nyumba ya uani kwenye mgongo wa kilima cha Bluff, ambako ukitazama upande huu unaona bahari, na ukitazama ule unaona matangi, mabomba ya moshi na mapaa ya viwanda mpaka mtaa wa Jacobs. Shule iko upande wa viwanda. Upepo ukitoka huko, darasa zima hunuka mchanganyiko wa kiberiti na yai bovu, na watoto huvuta kola za mashati juu ya pua bila hata kuacha kuandika. Malori ya bandarini hushuka mteremko yakipiga breki. Tumbili hutembea juu ya bati wakitafuta mikate ya watu. Katikati ya hayo yote mtoto anaambiwa atazame ubao.

Na utafiti wangu ulihusu jambo hilohilo. Hapa ndipo watu hucheka. Nilikuwa nimechagua mada ya watoto wanaosemwa hawana umakini kabla mtu yeyote hajasema hivyo juu ya wangu. Nilikuwa nikisoma falsafa ya maada, yaani falsafa inayovitazama vitu, kama mbao, hewa, chuma na vumbi, kuwa vinatenda na vina nguvu juu yetu, si mandhari tu ambayo akili ya mtu inaitazama ikiwa imetulia mahali pake. Mama yangu aliponiuliza kwa simu nasomea nini, nilimweleza kwa ugali, na mpaka leo sijapata maelezo bora. Ugali haumo ndani ya unga. Haumo ndani ya maji, wala ndani ya moto. Unatokea vitu hivyo vikikutana, pamoja na mwiko na mkono. Ukichukua unga peke yake ukaupima, kisha ukaandika kwamba unga huu una upungufu wa ugali, watu watakushangaa. Lakini mtoto tunamfanyia hivyohivyo. Tunamtoa darasani, tunampima kichwa, tunaandika kwamba ana upungufu wa umakini.

Mama yangu alisema ni sawa, ila nisisahau kula.

Nililiamini jambo hili kwa moyo wote. Naliamini hata sasa, na ndiyo maana sina raha.

Baada ya shule binti yangu alinisubiri saluni. Mwenye saluni alikuwa mwanamke wa Kikongo kutoka Bukavu, mwenye chumba kimoja barabarani kuelekea Jacobs, ukuta kwa ukuta na fundi simu. Tulijuana kwa lugha, kama wengi wetu tunavyojuana hapa mjini: nilipita nje nikasikia Kiswahili, nikaingia, nikasalimu, na wiki iliyofuata mtoto wangu alikuwa akishinda kwake mpaka nitoke chuoni. Hakuna aliyeona ajabu. Nilimfundisha mwanawe Kiingereza cha mitihani, yeye akanishikia binti. Binti alimwita Tantine, kama watoto wa Kikongo wanavyowaita shangazi zao, na mimi nikamwita hivyohivyo. Yeye aliniita Mwalimu, na wakati mwingine aliutia utani ndani yake.

Mezani pa saluni palikuwa na kichwa cha plastiki cha kujifunzia kusuka, kimebanwa kwa skrubu ukingoni, kikiwa na nywele ndefu za kubandika. Tantine alimwonyesha binti yangu mara chache, kisha akamwacha. Siku niliyochelewa chuoni kwa sababu ya kikao, nilifika nimejiandaa kumkuta ameparamia viti. Nilimkuta mbele ya kile kichwa, mguu mmoja umekunjwa chini yake, mdomo wazi kidogo, akisuka. Mlango ulikuwa wazi na malori yalipita. Redio ilikuwa ikihubiri kwa Kizulu. Wateja walipiga soga na kucheka huku wamemzunguka. Nikamwita jina, hakugeuka.

"Mwache, Mwalimu," Tantine akasema. "Iko kwa kazi yake tangu atoke masomo. Hata chai alikataa."

Nilikaa kwenye benchi nikamtazama, na machozi yakanilengalenga bila aibu. Nilikuwa nimesoma kurasa nyingi kuhusu kitu hiki, na sasa nilikiona. Vidole, nyuzi, mafuta, skrubu iliyokaza, meza isiyoyumba, sauti za wanawake juu yake kama dari. Vyote vilikuwa vikimshikilia. Njiani kwenda nyumbani nilimuuliza mbona darasani hawezi kukaa vile.

"Kule vitu vinaniita kimoja kimoja," akasema. Kisha akaona tumbili juu ya ukuta na mazungumzo yakaishia hapo.

Usinielewe vibaya kuhusu Tantine. Hakuwa upande wa falsafa yangu hata kidogo. Shule ilipotutuma kwa daktari wa watoto, na daktari akasema mtoto ana tatizo la umakini na kidonge kimoja asubuhi kingemsaidia, nilikwenda saluni nikiwa nafoka. Tantine alinisikiliza huku sindano ya kushonea nywele iko mdomoni.

"Weye utachoka bure," akasema alipoitoa. "Kama docteur anasema dawa, mupatie dawa. Sisi tunatafuta docteur, hatumupate. Wewe uko naye, unamupigia falsafa."

Baba wa binti yangu naye, kwenye simu ya Jumapili ile, alisema hata yeye utotoni alikuwa hivyo, akachapwa, akatulia. Nimeolewa naye muda mrefu. Sijamwona ametulia.

Kidonge sikumpa; nikaandikia shule. Niliomba mambo madogo: kiti kibadilishwe, mtoto aondolewe dirishani panapoingia moshi, apewe kitu cha kushika mkononi akisikiliza. Walinijibu kwa heshima. Wakamhamisha mbele kabisa, uso ukutani, pamoja na kiti chake chenye mguu mfupi. Nilikwenda mwenyewe asubuhi moja kabla ya kengele nikakunja kadibodi nikaiweka chini ya ule mguu. Jioni msafishaji aliiona takataka akaifagia, na siwezi kumlaumu. Nilirudia tena, nayo ikafagiwa tena. Ukitaka kujua nguvu ya falsafa yangu, ni hiyo: ilishindwa na ufagio.

Muhula wa tatu shule ikatuandikia barua ya kutuita kikaoni. Jambo lilikuwa moja na walilisema wazi: bila dawa, hawaoni jinsi ya kumpandisha darasa mwakani, na hawaoni jinsi ya kumrudisha darasa lilelile, kwa hiyo ingebidi nimtafutie nafasi katika shule maalumu. Hiyo iko mbali, ng'ambo ya mji, na watoto wanaosubiri nafasi ni wengi kuliko walio ndani. Binti yangu alikuwa na rafiki mmoja tu katika mji huu, naye alikuwa darasa lile. Usiku aliniuliza kama anafukuzwa. Nilimwambia hapana, mama anakwenda kuzungumza nao.

Na hapa nikafanya kosa ambalo nadhani ni mwanafunzi wa uzamivu peke yake angeweza kulifanya. Nilikwenda na ushahidi.

Nilivaa suti. Nilibeba kompyuta. Nilikuwa nimetengeneza maelezo ya kuonyesha ukutani, yenye vichwa vya habari, na picha ya kiti. Na nilikuwa na video. Nilikuwa nimemwomba Tantine ruhusa ya kurekodi saluni.

"Sawa," alisema, "lakini uso yangu usiionyeshe."

Sikuuonyesha. Nilirekodi mikono ya binti yangu, mgongo wake, kile kichwa cha plastiki kikijaa mistari polepole. Na kwa kuwa nilijua hoja nzuri humalizikia penye uzito, mwishoni niliweka kipande nilichokipenda kuliko vyote: siku Tantine alipomruhusu kumaliza misuko ya mwisho kisogoni mwa mteja wa kweli, mama mmoja wa Kizulu, naye alipojipapasa akasema "sharp, sisi", yaani safi sana, dada, na binti yangu akatabasamu akiutazama ukuta.

Kikaoni walikuwa wawili, mwalimu wa darasa na mama anayesimamia masuala ya watoto wenye mahitaji maalumu. Nilizungumza vizuri. Nilieleza kuhusu hewa, kelele, kiti, dirisha. Nilieleza kwamba umakini si mali anayozaliwa nayo mtoto, bali jambo linalotokea baina yake na vitu, na kwamba shule inaweza kuvipanga vitu hivyo upya. Mwalimu alitikisa kichwa kukubali. Alikuwa mtu mwema. Alikuwa na watoto wengi kuliko madawati na sauti iliyokwisha kukauka tangu mwezi wa pili. Kisha nikawasha video.

Ilipokwisha mwalimu alikuwa ameweka mkono kifuani. "Eish," akasema, "sijawahi kumwona hivi." Nikajua nimeshinda.

Mwenzake aliomba nirudishe kipande cha mwisho. Akakitazama tena.

"Huyo ni mteja?"

"Ndiyo," nikasema kwa fahari.

"Analipa?"

"Anamlipa mwenye saluni."

"Na mtoto huwa hapo kila siku baada ya shule?"

Nilianza kuelewa, lakini mdomo wangu ulikuwa bado unaendeshwa na hoja. Nikasema ndiyo, kila siku, ndiyo maana ushahidi wangu unategemeka. Akaandika. Akaniambia, bila ukali wowote, kwamba sheria haimpi hiari: akiona mtoto wa umri ule akifanya kazi mahali pa biashara lazima aripoti kwa ustawi wa jamii. Alikuwa na hakika litaishia vizuri. Nilisema si kazi, ni mchezo, ni kujifunza, ni desturi yetu kumwachia jirani mtoto. Nilisema mambo mengi. Akasubiri nimalize. Halafu akasema kwamba hata kule kuzama katika jambo moja mpaka asisikie jina lake ni mojawapo ya dalili, na atamwambia daktari.

Asipotulia ni dalili. Akitulia ni dalili. Nilikuwa nimewaletea mtoto mzima wakaona ushahidi wa upande wa pili.

Afisa wa ustawi wa jamii alikwenda saluni siku ya wateja wengi. Alikuwa mstaarabu, Tantine mwenyewe alisema hivyo. Aliuliza juu ya mtoto, akauliza juu ya chumba, akauliza mwenye saluni ana kibali gani cha kuishi nchini. Hakumfanya kitu. Aliandika akaenda. Lakini karatasi ya ukimbizi ya Tantine ilikuwa ya kuongezwa muda kila mara, na mtu mwenye karatasi ya namna hiyo hataki jina lake liandikwe mahali popote pengine.

Nilifika jioni. Mlango ulikuwa umerudishwa nusu. Binti yangu alikuwa amekaa kwenye kizingiti na begi lake mgongoni. Tantine alitoka na mfuko wa plastiki, ndani yake mna kile kichwa, kimefunguliwa skrubu.

"Mi sina hasira, Mwalimu," akasema. "Lakini unajua karatasi yangu. Sitaweza tena na mutoto."

"Nilikuwa namtetea," nikasema. "Nilitaka waone anavyofanya hapa."

"Basi wameona." Akampa binti yangu mfuko. "Hii ni yako. Malizia nyumbani."

Ningefurahi kama angenitukana. Jumapili huwa tunasali pamoja, Wakongo na Wakenya na Watanzania, katika ghala la kupanga kule Mobeni, na Jumapili ile alinishika mkono, akasema Bwana asifiwe, akaenda kukaa safu za mbele na wanawe. Tangu hapo tumekuwa watu wa Bwana asifiwe tu.

Nyumbani kichwa kile hakikubanika. Meza yetu ilikuwa nene kuliko nafasi ya skrubu. Nilikiegemeza kwa vitabu vyangu vya falsafa, vile vizito, kikawa kinateleza kila akivuta nywele. Alijaribu siku chache. Alisuka upande wa kushoto mpaka karibu na sikio. Hapakuwa na wanawake wala redio wala mtu wa kumwambia huku umekaza sana, kulikuwa na mimi tu kwenye kompyuta, nikiandika sura ya tano kuhusu saluni. Kisha akaanza kuzungukazunguka tena, akafungua friji, akafunga, akauliza tutarudi lini kwa Tantine. Nilimwambia bado. Baadaye hakuuliza.

Mwezi wa kumi na moja nilikubali vidonge. Nilimpa cha kwanza kwa kijiko cha uji.

Vikafanya kazi. Laiti visingefanya. Ningekuwa na la kusema. Aliacha kuchungulia dirishani. Alimaliza sentensi. Alishika maagizo, akapanda darasa, akaleta cheti chenye nyota ya dhahabu, na mwalimu aliponiona getini alinikumbatia. Mtoto alikula kidogo na kulala kwa shida, lakini nafasi yake shuleni ilikuwa salama na rafiki yake bado alikaa naye. Kila mtu alifurahi, na mimi nilipaswa kufurahi. Wakati mwingine nilifurahi kweli, alipokuwa akinisomea kwa sauti bila kuruka mstari. Kisha nilimwona amekaa na mikono yake mapajani, viganja juu, mikono isiyotafuta kitu, na nikamkumbuka yule aliyekunja mguu mbele ya kichwa cha plastiki, nikamlilia kama mtu aliyesafiri.

Msimamizi wangu wa masomo, mzee mpole anayependa kuuliza swali huku akitazama nje, alisoma sura ya tano akasema ni bora kuliko zote. Halafu akauliza, "Na kidonge? Kidonge nacho si ni kitu? Kwa hoja yako, nacho kinatenda pamoja na vingine. Mbona umekiacha nje?"

Alisema kweli. Nilirudi nyumbani nikaandika kurasa kadhaa nikikiingiza kidonge ndani ya falsafa, nacho kikaingia bila taabu. Kiti kilikuwa kimeingia, moshi ulikuwa umeingia, na sasa kidonge. Hapo nikaona kwamba fikra zangu zinaweza kueleza lolote baada ya kutokea, na haziwezi kusogeza mguu wa kiti hata unene wa kadibodi. Watahini waliipitisha tasnifu bila masahihisho makubwa. Mmoja alisifu hasa ile sehemu ya saluni, akasema imejaa uhai.

Jioni ya siku niliyopata habari hizo nilinunua kuku wa kuchoma. Binti yangu alikuwa mezani akifanya hesabu, safu zimenyooka. Kichwa cha kusukia kilikuwa juu ya kabati tangu tulipopokea cheti chake, upande wa kushoto umesukwa, wa kulia nywele zimeachwa zikashika vumbi. Wiki hiyo nilikuwa nimemlipa fundi mbao apunguze ukingo wa meza, na skrubu sasa ilikaza. Nilikishusha, nikakifuta, nikakibana pale mbele yake. Nikakitikisa. Hakikuyumba hata kidogo.

"Tazama, kimekaa," nikasema. "Hutaki kukimalizia?"

Alikitazama. Alikipa nafasi, naweza kusema alikitazama kwa umakini. Hata aliinua mkono akagusa msuko mmoja, akauachia.

"Ni plastiki tu, Mama," akasema kwa upole, na akarudi kwenye hesabu.

Nilingoja kidogo, huenda angeinua kichwa tena. Kisha nikafungua skrubu, nikakirudisha juu ya kabati, nikapakua kuku.